Kipupwe kimeingia Tanga, anza na dirisha

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 huku kwetu Tanga kusi likishika ndo utasikia nyumba nzima inapiga chafya, watoto asubuhi wamejikunyata kwenye kanga za mama zao hawataki kuoga, wenye baiskeli wanapita na masweta, na ukienda duka la dawa lazima umkute mtu anaomba vile vidonge vya rangi mbili. Najua mjini hapa sio baridi ya kutisha, usiku digrii 20 hivi, mtu wa Lushoto akitusikia atashangaa, lakini sisi tumezoea joto la kaskazi kwaiyo tofauti ndogo tu tunaisikia mwilini. Mie nina watoto 3 na mama mzee ndani na haya ntakayoandika ndo ninayoyafanya kwangu, mengi hayataki hela.

La kwanza fungua dirisha. Utaniambia baridi itaingia, sawa, ila baridi yenyewe haileti mafua, mafua yanaletwa na virusi na virusi vinatoka kwa mtu vinakwenda kwa mtu. Sasa kipupwe sote tunajifungia, chumba kimoja watu 5, dirisha limezibwa na pazia na juu ya pazia shuka, mmoja akikohoa wote mnavuta hewa ile ile mpaka alfajiri. Mchana acha wazi kabisa, usiku acha hata upenyo wa kiganja, watu wajifunike vizuri na neti ishushwe manake mbu bado wapo. Anayeumwa kama kuna nafasi alale peke yake, kama hamna basi alale upande wa dirishani, na akoholee kwenye kiwiko au kitambaa asikoholee kwenye kiganja alafu akampa mtu mkono.

Mikono ni sabuni na maji, sekunde kama 20, ukitoka nje na kabla ya kula. Kula sinia moja sisemi tuache, ndo tulivyolelewa, ila mwenye mafua mabichi apakuliwe pembeni siku 3 au 4 za mwanzo na asione ametengwa, mwambieni vizuri tu. Na hapa niseme la barazani kwetu. Kahawa naipenda sana na kashata yake, lakini vile vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja toka asubuhi, wazee 20 washavinywea, na msimu huu nusu yao wana kikohozi. Nenda na kikombe chako, muuzaji hakasiriki, mie nshamzoesha wa mtaani kwetu sasa hivi anacheka tu akiniona nakitoa mfukoni. Alafu kahawa ya baada ya isha iache, inaondoa usingizi na usingizi ndo dawa yenyewe, mtu mzima anataka masaa 7 na kuendelea na anayelala pungufu siku nyingi mwili unachoka kupigana na mafua yanamshika kirahisi.

Chakula sasa. Tanga tumejaliwa, wakati baridi inaingia ndo machungwa ya Muheza yanamiminika mjini, lakini watu wanayasifu machungwa wanasahau mapera, wakati gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200 na chungwa ni kama 50 tu. Nisikudanganye, vitamini C haizuii mafua kukushika, inachofanya kwa anayeipata kila siku ni kupunguza kidogo muda wa kuumwa, kwaiyo kula tunda kila siku toka sasa usisubiri pua ianze kuchuruzika ndo umalize tenga. Mboga za Lushoto zikishuka soko la Mgandini chukua karoti, kabichi, na huku chini tuna mchicha, matembele, kisamvu. Majani laini usiyapike mpaka yakawa meusi na usimwage maji uliyochemshia, vitamini nyingi zinaondoka na yale maji na moto mwingi unaziua.

Kusi likichafua bahari samaki wanapanda bei, hilo kila mama wa Tanga analijua, basi usilazimishe changu, maharage ya nazi, kunde, choroko, dagaa, vyote vinajenga mwili na mwili ndo unaotengeneza askari wake wa kupigana na maradhi. Siku ukipata hata kichwa cha samaki kipige supu, ndimu, pilipili manga, kitunguu thomu, nyanya moja, mgonjwa anywe ya moto, pua inafunguka na anapata chumvi na maji kwa pamoja. Maji nayo watu wanayasahau kabisa wakati wa baridi, kiu haiji lakini mwili unataka, weka ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai uwe unamimina kidogo kidogo, ukiona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea ujue hujanywa.

Kinywaji changu cha jioni ni hiki: tangawizi ukubwa wa kidole gumba uitwange, mchaichai majani 4 uyafunge fundo, maji vikombe 4, chemsha dakika 10, epua, kikipoa mpaka mtu anaweza kunywa ndo ukamulie ndimu na utie kijiko cha asali. Asali inatuliza kikohozi kweli hasa cha usiku. Lakini mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 USIMPE asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na vimelea ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga vinatoa sumu ya kulegeza misuli mpaka kupumua kunashindikana, na bibi akisema sisi tulipewa mwambie kwa heshima, bibi huyu tusimpe. Koo likikereketa sukutua na maji ya vuguvugu, glasi moja chumvi nusu kijiko cha chai, uteme. Mwarobaini mjamzito asinywe. Na vile vidonge vya rangi mbili nilivyovitaja mwanzo ni vya kuua bakteria, virusi vya mafua havivigusi, unatumia hela na siku utakayovihitaji kweli vinaweza visikusaidie.

Nyungu najua watu wanaipenda tangu korona ya 2020, karatusi, kivumbasi, shuka juu. Mvuke unalegeza pua iliyoziba, sikatai, ila hauui kirusi, na watoto wanaungua jamani, sufuria la maji yanayochemka chini ya shuka na mtoto hatulii. Mtoto msafishe pua na matone ya maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, mkae naye sehemu yenye hewa, inatosha.

Jua la asubuhi ota, linatengeneza vitamini D kwenye ngozi na sisi tunalo mwaka mzima. Mdogo wangu yuko Uingereza, kule kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 3 jua halitoshi na serikali yao inawashauri watu wafikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku. Huku toka tu nje.

Sasa hili nisikilize vizuri. Mwaka juzi tulienda msibani Lushoto mwezi wa 7, baridi ya kule inaingia mpaka kwenye mifupa, tukalala wanawake 6 na watoto kwenye chumba kimoja, mmoja wetu kwa huruma akaingiza jiko la mkaa lipashe joto na mlango tukafunga, dirisha tukaziba na khanga. Mkaa ulikuwa hautoi moshi, umekolea vizuri, tukaona salama. Usiku wa manane mtoto wa dada akalia anataka chooni, dada anainuka anaanguka, mie kichwa kinagonga kama kinapasuka, shangazi anatapika, mwingine tunamwamsha haamki. Tulimburuta nje kwenye ubaridi ule ule tuliokuwa tunaukimbia ndo akapata fahamu. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni na mtu anasinzia tu, yaani kama yule mtoto asingelia sidhani kama ningekuwa naandika. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata limebaki majivu mekundu, hata dirisha liko wazi kidogo. Pasha maji, yatie kwenye chupa ya plastiki ngumu, funga na kitambaa, weka miguuni chini ya blanketi. Vaa soksi, jifunge khanga kichwani, laleni mmebanana.

Kwenye nyumba yenye mwenye selimundu (sikoseli) kipupwe kinataka umakini zaidi, baridi inaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa. Maji ya kuoga yawe ya moto, asikae na nguo mbichi baada ya mvua, sweta akienda shule, na maji ya kunywa mengi. Mwenye pumu naye asikae na moshi wa kuni, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

La mwisho homa. Huku Pwani mtu akitetemeka mwezi wa 6 tunasema baridi hiyo, kumbe masika ndo imetoka juzi na madimbwi yameacha mbu, inaweza kuwa malaria. Homa ikipanda nenda kapime, kipimo cha damu ya kidole majibu dakika 15 hadi 20, usijitibu kwa tangawizi. Mtoto anayepumua haraka haraka au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, asiyenyonya, aliyelegea, huyo ni hospitali sasa hivi sio kesho. Na kikohozi kikifika wiki 2 usiseme ni cha msimu, peleka makohozi yakapimwe. Mama yangu tulimpa asali na ndimu miezi 2 tukijua ni kusi, kumbe ni TB, akameza dawa miezi 6 akapona, na hela ya dawa zile hatukutoa hata shilingi.