Mizania ya maji isipofunga: kutafuta kosa kwenye modeli ya kidakio, Unguja na Pemba

Kabla hujagusa kigezo hata kimoja cha modeli ya kidakio (yaani eneo lote linaloleta maji kwenye mto mmoja, ambalo hapa naliita pia bonde), jua kwanza kosa lako ni la aina gani, maana yako mawili na dawa zake hazifanani.

La kwanza ni mizania isiyofunga ndani ya modeli yenyewe. Unajumlisha kila kitu ambacho modeli inasema kimetoka, unaongeza mabadiliko ya akiba ya ardhini, na jumla haifiki mvua uliyoiingiza, au inaizidi. Hili ni kosa la hesabu au la kusoma matokeo, na halina uhusiano wowote na ukweli wa bonde. La pili ni modeli iliyofunga vizuri kabisa kwenye karatasi lakini mto wake haufanani na mto halisi. Hapo kosa limo kwenye data, kwenye mipaka, au kwenye jinsi ulivyolifikiria bonde. Wengi hukutana na la pili wakalitibu kama la kwanza, au mbaya zaidi, hukimbilia namba ya CN, inayoamua ni kiasi gani cha mvua kinakwenda moja kwa moja mtoni, na kuizungusha mpaka mistari miwili kwenye grafu ikae pamoja. Mistari itakaa pamoja. Maji yatabaki yamepotea.

Hesabu ya mkono kwanza

Fungua jedwali tupu kwenye kompyuta na uandike mwaka mmoja tu:

mvua = mvukizo + mto + maji yanayotoka chini ya ardhi + maji yanayopampiwa nje ya bonde + mabadiliko ya akiba

Mvukizo hapa ni maji yote yanayopanda hewani, ya udongoni na yanayopitia majani. Anza mwaka wako tarehe 1 Oktoba, kabla ya vuli, wakati ardhi imekauka na akiba iko chini. Ukianza Januari utakuwa umebeba maji ya vuli kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine bila kujua.

Geuza kila kitu kiwe milimita. Milimita 1 juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000. Lita 1 kwa sekunde, siku nzima, ni mita za ujazo 86.4.

Tuchukue bonde la mfano Pemba, kilomita za mraba 12, mvua milimita 1,900 kwa mwaka, mvukizo wa modeli 1,250. Yanabaki 650, yaani mita za ujazo milioni 7.8, sawa na wastani wa lita 247 kwa sekunde mtoni. Sasa vipimo vya mto vinasema lita 120. Hizo ni milimita 315. Pengo ni 335, na kuanzia hapa kazi ni kuuliza kila mshukiwa swali moja: una mfuko mkubwa wa kutosha kubeba milimita 335?

Visima, kwa mfano, watu huvisingizia upesi. Kisima kinachotoa mita za ujazo 20 kwa saa, saa 16 kwa siku, mwaka mzima, kinatoa mita za ujazo 116,800. Juu ya bonde hili ni milimita 9.7. Hata vikiwa vitatu ni 29. Viandike, lakini si wao.

Eneo la kidakio

Kosa la eneo huzidisha kila kitu kwa uwiano uleule, miezi yote, kiangazi na masika. Ukiona hivyo, usitafute kwingine.

Angalia kwanza kama ramani yako iko kwenye digrii. Visiwa vyote viwili viko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Tumia EPSG:32737, namba ya kanda hiyo kwenye programu za ramani, kwa data za setelaiti na GPS. Ramani nyingi kongwe za Afrika Mashariki zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu, na ukizichanganya na WGS 84, mfumo wa GPS, bila kuzigeuza utapata mruko wa karibu mita 300. Kwenye mto mkubwa wa bara mita 300 si kitu. Kwenye vijito vyetu zinatosha kukitoa kituo cha kupimia nje ya mto na kukitupa kwenye bonde la jirani. Baada ya programu kuchora kidakio, soma eneo lake. Likitoka kilomita za mraba 0.03 badala ya 12, kitone cha kutokea maji hakijakaa juu ya mkondo, kisogeze.

Ramani ya miinuko ya SRTM ilipigwa kwa rada Februari 2000, na rada ile husoma zaidi vilele vya miti kuliko ardhi. Penye mikarafuu na minazi mingi kilima kinarefuka kwa mita kadhaa, na bonde jembamba linaweza kuonekana limezibwa. Linganisha mikondo iliyochorwa na mito unayoiona kwenye picha ya angani kabla ya kuendelea.

Mvua, na kile kikombe

Hapa ndipo pa kukaa.

Kipimamvua cha mkono kina mdomo wa inchi 5 au inchi 8, na kila kimoja kina kikombe chake cha kioo au plastiki kilichochorwa milimita. Kikombe huvunjika, kinaletwa kingine, na kinachotoshea mkononi ndicho kinachotumika. Kikombe cha inchi 5 kikitumika kwenye kipimamvua cha inchi 8, kila mvua inaandikwa mara 2.56. Kinyume chake, unaandika chini ya asilimia 40 ya mvua iliyonyesha. Si lazima iwe mwaka mzima: wiki chache za Aprili zinatosha. Milimita 215 za kweli zitaandikwa 550, na hapo pengo lote la 335 limeshapatikana.

Uthibitisho ni wa dakika mbili. Pima mdomo wa kipimamvua kwa rula, ndani kwa ndani. Kama ni milimita 127, mimina mililita 127 za maji kwenye kikombe: lazima kisome milimita 10. Kama ni milimita 203, mimina mililita 324, kwa mafungu ikiwa kikombe ni kidogo. Jumla pia lazima iwe 10.

Ukiwa mbali na kituo, tumia mkusanyiko: jumlisha mvua ya kituo chako siku baada ya siku, fanya vivyo hivyo kwa kituo jirani, kisha chora kimoja dhidi ya kingine. Mstari unakuwa karibu mnyoofu. Ukivunjika kiwiko tarehe fulani, tarehe hiyo kuna kitu kilibadilika: kikombe, mwembe uliokua juu ya kipimamvua, au msomaji mpya.

Mengine kwa haraka. Siku isiyosomwa si siku ya mvua sifuri. Kwenye SWAT, programu ya kutengenezea modeli za mabonde, iandike -99 ili programu ijue haipo. Alama ya -9999 kutoka jedwali jingine ikiingia kama ilivyo, itavuruga jumla vibaya. Mvua inayosomwa saa 3 asubuhi ni ya saa 24 zilizopita, kwa hiyo sehemu kubwa ni ya jana. Usipolirekebisha hilo, mto wako utafurika kabla mvua haijanyesha. Na usichukue mvua ya uwanja wa ndege wa Kisauni, magharibi mwa Unguja, ukaipa Makunduchi. Kusini mashariki mwa Unguja ni kukavu kuliko magharibi.

Mvukizo

Kwa hali ya hewa yetu mvukizo rejea (wa nyasi fupi zisizokosa maji) ukizunguka milimita 4 hadi 5 kwa siku, endelea. Ukitoka 9, mara nyingi ni vipimo: mionzi ya jua iliyoandikwa kwa wati kwa mita ya mraba imeingizwa penye megajuli. Wati 230 ni megajuli 19.9 kwa siku, si 230. Upepo uliopimwa urefu wa mita 10 uzidishe kwa 0.748 upate wa mita 2 ambao njia ya Penman-Monteith ya kukokotoa mvukizo inautaka. Njia ya Hargreaves, inayotumia joto tu, huelekea kuzidisha mvukizo penye unyevunyevu kama pwani. Itumie pale tu ambapo hakuna kingine.

Mto uliopimwa nao si msahafu

Watu huhukumu modeli kwa vipimo vya mto bila kuvihukumu vipimo. Kwenye kidakio cha kilomita za mraba 12 furiko linapita kwa saa chache, pengine usiku. Msomaji anayefika kwenye ubao wa vipimo saa 3 asubuhi anakuta maji yameshashuka. Mwaka mzima wa masomo ya mara moja kwa siku unaweza kukosa sehemu kubwa ya maji ya masika, na hilo ni mfuko mkubwa wa kutosha. Dalili yake: modeli na mto vinapatana vizuri kiangazi, vinaachana miezi ya mvua tu. Dawa ni kifaa kinachorekodi kina kila dakika 15.

Kifaa hicho kitakufunulia jambo jingine, hasa kwenye vijito vya Pemba vinavyoishia kwenye mikoko. Maji ya bamvua hapa yanapanda na kushuka karibu mita 4, na yanausukuma mto nyuma. Kina kinaongezeka, jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko linasema mto umejaa, kumbe maji yamesimama au yanarudi juu. Chora wiki mbili zisizo na mvua. Ukiona vinundu vinavyofuatana kila saa 12 na dakika 25, vikubwa mwezi mchanga na mwezi mpevu, vidogo wakati wa maji mafu, hiyo ni bahari. Hakuna hesabu ya kuisafisha vizuri. Hamisha kituo juu zaidi, mahali ambapo bamvua kubwa haifiki.

Na penye mpunga, angalia majaruba. Wakulima wakifunga maji juu ya kituo, mto unapungua bila mvua kupungua; wakiyafungua, unajaa bila mvua.

Mawe yanayokunywa maji

Unguja ina shida yake. Upande wa magharibi kuna udongo wa kina, lakini kuelekea mashariki na kusini ni maweni na uwanda, jiwe la matumbawe lenye mashimo na mapango, na mito kadhaa hudidimia humo kabla ya kuona bahari. Modeli haijui hivyo. Hatua ya kawaida ya kujaza mashimo kwenye ramani ya miinuko inayafukia mashimo ya kweli pamoja na ya uongo, kisha inachora mto mrefu unaopita juu ya jiwe hadi pwani.

Toa ramani ya awali kutoka kwenye ile iliyojazwa. Panapobaki kina cha zaidi ya mita 2 kwa eneo kubwa, nenda na GPS ukapaone. Kama kweli maji yanazama hapo, acha kitone kisicho na data chini ya shimo ili mkondo uishie hapo. Kwenye jedwali lako maji hayo yanahamia safu ya chini ya ardhi.

Kwa mto unaovuja njiani, pima mtiririko sehemu mbili siku moja isiyo na mvua. Juu lita 60 kwa sekunde, chini lita 35, na katikati hakuna pampu wala mfereji: mto unapoteza lita 25, yaani mita za ujazo 2,160 kwa siku. Kwenye SWAT upotevu huu huingizwa kwa CH_K2, kigezo cha kasi ya maji kupenya kitako cha mto. Kumbuka pia kwamba ukingo wa kilima si lazima uwe mpaka wa maji ya chini. Kwenye matumbawe maji yanaweza kuvuka chini ya kilima kwenda upande mwingine.

Majina ya udongo ya wenyeji yana faida hapa kuliko ramani za dunia nzima, ambazo mara nyingi hukipa kisiwa rangi mbili tatu tu. Kinongo chekundu hunywa maji haraka. Kinamo cha mabondeni hujaa na kuyasimamisha. Ukivipa vyote viwili kundi moja la udongo, mtiririko wa juu utakuwa mbovu pande zote.

Ndani ya programu

Ikiwa kosa lako ni lile la kwanza, la modeli kutofunga yenyewe kwa yenyewe, anza kwa kuangalia umesahau safu gani. Kwenye SWAT wanaosahaulika ni maji yanayopanda tena kutoka tabaka la juu la maji, yanayoongozwa na GW_REVAP, na yanayozama tabaka la chini kabisa kupitia RCHRG_DP, ambayo programu huyahesabu kuwa yametoka nje ya bonde. Ukiyarudisha kwenye jedwali, mara nyingi mizania inafunga. Kama mto wa modeli hauna maji kabisa kiangazi, tazama GWQMN: tabaka la juu halitoi kitu mtoni mpaka akiba yake ipite kiwango hicho.

Kosa kubwa mwaka wa kwanza linalopungua kila mwaka ni akiba ya kuanzia. Ipe modeli miaka 2 hadi 3 ya kujipasha moto, na usiihesabu.

Kwenye HEC-HMS, programu nyingine ya modeli, njia ya CN ni ya mvua ya tukio moja. Ukiiendesha mwaka mzima inaendelea kujumlisha mvua bila ardhi kukauka, mpaka karibu kila tone la Mei linakwenda mtoni. Tumia njia inayoruhusu udongo kukauka kati ya mvua na mvua. Na mtiririko wa msingi (maji ya chini ya ardhi yanayoulisha mto) wa aina ya kushuka taratibu (Recession) haulindi mizania: unatoa maji ambayo hayakuingia popote. Wa hodhi la mstari (Linear Reservoir) ndio unaorudisha mtoni kilichozama tu.

Vigezo viguswe baada ya yote haya, na kwa mpangilio: kwanza vinavyobadilisha jumla ya mwaka, kama ESCO (kinachoongoza mvukizo wa udongoni) na uwezo wa udongo kushika maji, ndipo vinavyogawa maji kati ya juu na chini, ndipo vya umbo la furiko. Kinachobaki bila maelezo kiandikie safu yake kwenye jedwali, iite salio, na uiache ionekane kwa milimita na kwa kila mwezi.