Kupima athari ya homoni za msongo kwenye seli za neva za shina la ubongo

Kata kipande cha shina la ubongo wa panya chenye unene wa mikromita 300 hivi, ukihifadhi katika maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya ubongo, yakipitishiwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5. Panya aliyeshikwa kwa vurugu hufika mezani akiwa tayari amejaa homoni unazotaka kupima, kwa hiyo mzoeshe mapema.

Tafuta lokasi seruliasi, kundi dogo la seli za neva linaloitikia msongo, kando ya ventrikali ya nne, yaani uwazi wenye majimaji nyuma ya shina la ubongo. Seli zake hutambulika kwa mapigo ya umeme yanayofuatana kwa utaratibu hata pasipo kuchochewa. Usiongeze homoni kabla kasi hiyo haijatulia, maana kipande kilichojeruhiwa hubadilisha mapigo chenyewe, nawe utaisingizia homoni. CRH, homoni ya ubongo inayoanzisha mwitikio wa msongo, huharakisha mapigo ndani ya dakika chache. Kortikosteroni, ambayo kwa panya hushika nafasi ya kortisoli, homoni kuu ya msongo ya binadamu, hudai subira, kwani sehemu kubwa ya kazi yake hupitia vipokezi, yaani molekuli za seli zinazopokea homoni, vinavyobadilisha usomaji wa jeni.

Rudia jaribio la CRH kwenye kipande kingine, ukitanguliza dawa ya kuziba vipokezi vyake. Mapigo yakiongezeka vilevile, chunguza kwanza elektrodi, yaani kifaa chembamba kinachonasa mapigo hayo.