Gari la zamani likigoma kuwaka likiwa la moto, anza na kioo cha kabureta

Pikapu yangu ni Datsun 1200, marehemu baba ndiye aliyeniachia. Kila alfajiri inanipeleka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kuchukua samaki, na alfajiri haina neno. Shida ni kurudi: jua la Februari, foleni ya Barabara ya Kilwa, nikizima Tandika nishushe mzigo, dakika 15 baadaye haiwaki. Niliuziwa koili ya umeme wa cheche, nikauziwa na pampu ya mafuta. Ugonjwa ukabaki palepale.

Kwa hiyo usinunue kitu kwanza. Fungua boneti. Kabureta ya Hitachi iliyomo humo, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ina kioo kidogo pembeni mwa bakuli lake la petroli, chenye alama ya usawa wa mafuta. Mulika kwa tochi ya simu. Mimi niliona petroli inatokota, mapovu yanapanda yakipasuka, na injini imezimwa! Ukitoa chujio la hewa utaona matone yakidondokea kooni mwa kabureta. Hapo injini imelewa mafuta. Bakuli likiwa kavu, huenda mvuke umeziba njia kwenye pampu au paipu. Mafuta yakiwa yametulia kwenye alama, ndipo umshuku koili.

Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi, na kabureta hii imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba la moto linalotoa moshi wa injini. Gari likitembea, upepo na mafuta mapya huipoza. Ukizima, joto lote linapanda juu.

Kuwasha: usivute choki, wala usipigepige mafuta. Kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie hapohapo, piga stata sekunde kadhaa. Ikishika, achia taratibu. Sigara iwe mbali kabisa.

Dawa yenyewe ni spesa ya bakelaiti, kipande cha plastiki ngumu cha kuzuia joto, ile inayokaa kati ya kabureta na manifoldi ya kuingiza hewa. Yangu fundi mmoja aliitoa, akaweka gasketi ya karatasi tupu. Nilipata nyingine Gerezani kwenye kabureta chakavu, nikaifunga na gasketi mpya juu na chini. Ukichongewa ya aluminiamu ikatae, inapitisha joto. Halafu angalia paipu ya mafuta isiguse ekzosi, na boya, linalofunga mafuta bakuli likijaa, lisijaze bakuli kupita alama. Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, ikichelewa nayo huongeza joto.

Siku hizi nikifika Tandika nafungua boneti kwanza, ndipo nashusha samaki.