Mboga ikishachumwa bado inapumua
Wakulima wa sukuma na mchicha, jamani chumeni alfajiri kabla jua halijawaka. Jani likishakatwa bado linapumua, linatumia sukari yake lenyewe na kutoa joto, na joto likipanda nyuzi 10 hivi kasi ya kupumua inaongezeka kama mara mbili au hata tatu, sasa we fikiria gunia limeshindiliwa liko juu ya pikapu saa saba mchana, ukiingiza mkono katikati unakuta pamoto kabisa na majani yashaanza unjano. Tumieni kreti zenye matundu, wekeni kivulini, nyunyizeni maji safi kidogo. Mahindi mabichi ndo usiseme, yakilala kwenye joto kesho yake utamu umeshapungua, hayo vunjeni siku ileile ya kuuza.