Friza la pili nyumbani: lini linalipa Mtwara na Lindi

Kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya friza la kuongezea friji uliyonayo, toa risiti zako za umeme wa LUKU za miezi mitatu iliyopita. Jibu limo humo zaidi kuliko kwenye idadi ya watu mnaokula pamoja.

Nyumba nyingi ziko kwenye moja ya makundi mawili ya TANESCO. Kundi la matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (msimamizi wa bei), ile 100 inakuwa 122, ile 292 inakuwa kama 356, na ile 350 inafika 427. Kujua uko wapi, tazama ununuzi wa pili wa mwezi, maana wa kwanza hukatwa kodi ya jengo. Umeme wa shilingi 5,000 ukikupa uniti 41 hivi, uko kwenye matumizi madogo. Ukikupa 14, uko kundi la kawaida. Viwango vikibadilishwa, hesabu ni ileile: gawa pesa kwa uniti.

Friza la kulala, lile la mfuniko juu, la lita 150 hadi 200, likiwa zima na limewekwa penye hewa, hula karibu uniti moja kwa siku kwenye joto la pwani yetu. Tuseme 30 kwa mwezi. Nyumba iliyo T1 itaongeza kama shilingi 10,700, basi. Sasa chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti 60 kwa mwezi na kulipa shilingi 7,320. Friza likiingia, matumizi yanafika 90. Mwezi wa kwanza zile uniti 15 za ziada zitalipiwa kwa 427, na jumla itakuwa shilingi 15,555. Ukiendelea kuvuka 75 unahamishiwa T1, na hapo uniti zote 90 ni shilingi 32,000 na ushei. Yaani friza limekugharimu karibu shilingi 24,700 kwa mwezi, kwa sababu limepandisha bei ya taa, feni na televisheni pia. Hili ndilo watu hawaliulizi dukani, na muuzaji hana sababu ya kulitaja.

Ongeza bei ya friza lenyewe. Mfano wa shilingi 600,000 kwa friza litakalodumu miaka 8 ni 6,250 kwa mwezi. Nyumba ya T1 inabeba mzigo wa kama 17,000, na ile iliyohamishwa inabeba 31,000. Kama kununua kitoweo kwa wakati wake kunakuokolea shilingi 2,000 kwa kilo, ya kwanza inahitaji kupitisha kilo 8 na nusu kila mwezi ndipo friza lijilipe, na ya pili kilo 15 na nusu. Familia ya watu wanne inayokula samaki mara tatu kwa wiki haifiki 15. Kwa nyumba hiyo, kabati la barafu la friji iliyopo linatosha, au majirani wawili wachangie friza moja kwenye nyumba ambayo tayari iko T1, kila mmoja na kapu lake lenye rangi yake.

Linalipa wapi, basi? Linalipa kwa anayenunua kwa msimu. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ni tulivu, vyombo vinatoka, na samaki wanashuka bei. Kusi likishika kuanzia Mei, kuna siku feri, pale samaki wanaposhushwa, panaamka patupu na aliyebaki na samaki anajipangia bei. Pweza anafuata bamvua: maji yakikauka sana wavuvi wanafika miambani, na maji mafu yakiingia anaadimika. Mwenye friza ananunua bamvua na kula maji mafu. Linalipa pia kwa anayefuga kuku wa nyama na kuwachinja wote kwa siku moja, kwa sababu kila siku ya ziada bandani ni chakula anachomwaga.

Na barafu ya kuuza? Kilo 10 za maji ya bomba kuwa barafu zinakula kati ya uniti moja na moja na nusu, yaani shilingi 350 hadi 530 kwa bei ya T1. Biashara ipo, hasa Ramadhani. Ila friza la barafu lisiwe la kitoweo, maana kila mfuko wa maji ya vuguvugu unaoingia unapandisha joto la samaki aliyelala jirani.

Kinachoharibika zaidi: kujaza kwa mkupuo

Mtu ananunua tenga la vibua la kilo 30, anaosha, anamimina lote kwenye friza la lita 200 na kufunga. Kesho yake waliogusa kuta wamekuwa mawe na wa katikati bado wanabonyea. Friza la nyumbani halikuundwa kugandisha mzigo mkubwa kwa siku moja. Kwa lita 200, kiasi salama ni kilo 6 hadi 10 za kitu kibichi kwa saa 24, na kibandiko cha nyuma mara nyingi kinataja uwezo wake. Mzigo ukizidi, vipande vya barafu ndani ya nyama vinakua vikubwa kwa sababu ya kuganda polepole, vinachana nyuzi, na ukiyeyusha samaki anamwaga maji na kubaki kama pamba.

Kwa vibua, jodari na nguru kuna hatari zaidi ya ladha. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuganda wala kwa kukaanga. Dalili zake ni uso kuwa mwekundu, mwili kuwasha na kichwa kugonga muda mfupi baada ya kula. Kwa hiyo barafu ianzie feri. Nenda na kasha, weka barafu ya kupondwa karibu sawa kwa uzito na samaki, tabaka kwa tabaka. Ukifika nyumbani gandisha kilo 8 leo, na waliobaki wakae kwenye barafu hadi kesho, maji yakimwagwa na barafu ikiongezwa. Kama una kilo 30 na hutaki usumbufu huo, nunua kilo 15.

Namna ya kufunga ni hii. Toa matumbo na mashavu, osha kwa maji safi, kausha. Panga kwenye mfuko wa kufungashia chakula kwa kimo kisichozidi sentimita 5, mlo mmoja kwa kila mfuko. Zamisha mfuko kwenye ndoo ya maji huku mdomo ukiwa juu, maji yasukume hewa nje, kisha funga. Laza mifuko ikigusa kuta za friza usiku wa kwanza, na ikishakuwa migumu isimamishe kama vitabu kwenye kabati, ili mipya ipate nafasi ukutani. Samaki mzima mkubwa, kama kolekole, mgandishe wazi kwanza, kisha mchovye kwenye maji ya barafu na umrudishe. Rudia mara mbili au tatu mpaka avae ganda la barafu. Ganda hilo linazuia nyama isikauke na kuwa nyeupe pembeni.

Andika jina na tarehe. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, vibua na jodari hubaki na ubora wao miezi 2 hadi 3, kwa kuwa mafuta yao yanachacha hata kwenye baridi. Changu na chewa huenda miezi 4 hadi 6. Pweza na kamba miezi 3 hadi 6. Kuku mzima anaweza kumaliza mwaka, nyama ya kusaga miezi 3 au 4. Kwa pweza friza ni faida mara mbili: kuganda kunavunja nyuzi zake, kwa hiyo baada ya wiki moja humo hahitaji kupigwa. Dagaa usimpe nafasi, mwanike. Jua ni bure.

Kwa vya shambani, tui zito ligandishe kwenye vikombe. Likiyeyuka litatengana, lakini likikorogwa mchuzini linarudi. Mbaazi mbichi na kunde mbichi zichovye kwenye maji yanayochemka dakika 2, kisha maji baridi, zichuje ndipo zigande. Bila hivyo zinapoteza rangi na kupata ladha ya majani makavu. Embe limenye, likate, ligandishe kwenye sinia kabla ya kutia mfukoni ili vipande visishikane. Kisamvu kilichotwangwa hukaa vizuri, ila baridi haiondoi sumu ya muhogo, hivyo bado kitachemshwa muda wake wote. Unga na mbaazi kavu zinazoanza kuingiwa na wadudu zikae friza siku 4, kisha zirudi ghalani.

Kuchagua na kuweka

Chukua la kulala. La kusimama ni zuri kwa kupanga, lakini kila ukifungua mlango hewa baridi inamwagika miguuni. Kwenye kibandiko tafuta herufi T au ST za hali ya hewa: T imeundwa kwa joto la chumba hadi nyuzi 43, ST hadi 38. Mitumba mingi kutoka nchi za baridi imeandikwa N au SN, ambazo kikomo chake ni 32. Jiko la Mtwara mwezi wa Januari linapita hapo mchana, na kompresa haitapumzika.

La mtumba liwashwe mbele yako, usiondoke. Baada ya dakika 30 hadi 40, kuta za ndani ziwe zimepata umande mweupe sawasawa pande zote. Umande ukiwa kona moja tu, gesi ni pungufu, na gesi haipungui bila tundu. Funga mfuniko juu ya noti ya shilingi 1,000, uivute. Ikitoka kirahisi, raba imechoka hapo. Jaribu pembe zote nne. Likisafirishwa kwa kulazwa ubavu, liache limesimama hadi kesho kabla ya kuwasha, ili oili irudi kwenye kompresa.

Nyumbani liinue sentimita 10 hadi 15 kwa stendi ya mbao, liachane na ukuta sentimita 10, mbali na jiko la mkaa na dirisha la upande wa bahari. Chumvi ya Shangani ya Mtwara au ya ufukwe wa Lindi inakula bati la chini na vyuma vya nyuma, kwa hiyo vifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kila mwezi, friza likiwa limechomolewa. Lipe soketi yake ukutani, yenye ethi (waya wa ardhini). Mwili wa friza ukikutetemesha vidole, tatizo liko kwenye waya au ethi, na kandambili si dawa yake. Ita fundi umeme.

Friji gadi ni ya lazima. Umeme ukikatika na kurudi ndani ya dakika moja, kompresa inajaribu kuwaka huku presha ya gesi ikiwa bado juu; inanguruma, inapata moto, inaungua. Kifaa chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 kinazuia hilo. Mtaa wenye umeme mdogo jioni unahitaji stabilaiza, si gadi peke yake.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza lililojaa linashikilia baridi kama saa 48, la nusu kama saa 24, na ndiyo maana nafasi tupu ijazwe chupa za maji. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu yake, ukiache humo. Ukirudi safari ukaikuta sarafu chini, vitu viliyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua, na samaki wa humo asiliwe. Chakula chenye punje za barafu bado kinaweza kurudishwa, ingawa kitalegea.

Barafu ya kuta ikifika unene wa sentimita 1, zima na uyeyushe kwa sufuria ya maji ya moto ndani, mfuniko wazi. Kisu hapana: mabomba ya gesi yako nyuma ya bati hilo laini. Na kusi likifika katikati, friza likibaki na mifuko mitatu, ihamishie kwenye friji, osha kwa maji yenye magadi, kausha, chomoa, kisha tegesha kijiti mfuniko usijifunge, ama utakuta ukungu Novemba.