Jinsi ya kuomba takwimu za gesijoto kwa shughuli za kiuchumi ukiwa Tabora

Barua inayoomba "takwimu za hewa chafu za Tabora" haijibiki, hata ikifika kwa afisa mwenye nia njema. Hajui unataka gesijoto ipi (gesi zinazoongeza joto la dunia), ya miaka gani, wala imepangwa kwa utaratibu upi. Yaamue hayo kabla hujaandika.

La utaratibu ndilo zito. Orodha ya taifa ya gesijoto, inayoandaliwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, hupanga vyanzo kwa sekta: nishati, viwanda, kilimo, misitu na ardhi, taka. Hesabu za kiuchumi za mazingira hufuata mwenye shughuli, kwa ISIC toleo la 4, uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi unaozigawa kwa Sehemu zenye herufi. Chukua bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani yake kwa moto wa kuni, kule Urambo. Katika orodha ya taifa, methani ya kuni zake huingia kwenye nishati, ila hewa ukaa (CO2) huonyeshwa pembeni bila kujumlishwa humo, kwa kuwa upotevu wa miti unahesabiwa upande wa ardhi. Katika hesabu za kiuchumi, moshi huo ni wa mkulima, Sehemu A, yaani kilimo. Gunia la mkaa likiwaka nyumbani ni la kaya. Likiwaka kwa mama lishe ni la Sehemu I, huduma za chakula. Meli ya mfanyabiashara wa Kigoma ikijaza dizeli Bujumbura hubaki kwenye hesabu ya Tanzania, kwa kuwa mwenye shughuli ni mkazi wa Tanzania. Ukichanganya majedwali ya pande hizi mbili, utahesabu kitu kimoja mara mbili.

Sasa andika barua kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Dodoma, ukiipitisha ofisi ya takwimu ya mkoa. Aya ya ombi iwe hivi: "Naomba jedwali la hewa ukaa, methani na oksidi ya nitrasi, kila gesi peke yake, kwa sehemu za ISIC na kaya, kwa mwaka mmoja mmoja. Kama jedwali la ISIC halipo, naomba la sekta, pamoja na maelezo ya mbinu." Sentensi hiyo ya pili usiiache, bila hiyo unaweza kujibiwa "hazipo" na safari ikaishia hapo. Nakala ipeleke Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira. Mwanafunzi aambatishe barua ya utambulisho ya chuo. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa kutoka kwenye muhuri.

Orodha ya taifa huandaliwa kwa nchi nzima, kwa hiyo kwa mkoa omba takwimu za shughuli zenyewe: kilo za tumbaku kutoka Bodi ya Tumbaku, idadi ya mifugo kutoka halmashauri, mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ukipata lita za dizeli, lita 1,000 hutoa takriban tani 2.7 za hewa ukaa. Usitegemee kupewa takwimu za kiwanda kimoja kwa jina. Sheria ya Takwimu inalinda siri za mtoa taarifa, na sekta yenye kampuni moja au mbili huunganishwa na nyingine.

Jedwali likifika, tazama kizio kwanza. Gg (gigagramu) 1 ni tani 1,000, na hapo ndipo sifuri tatu hupotea. Kama gesi zimejumlishwa, uliza methani imezidishwa kwa 28 au kwa namba ya zamani ya 21 ili kugeuzwa kuwa sawa na hewa ukaa. Uliza pia toleo la ripoti: miaka ya nyuma hukokotolewa upya kila mbinu inapoboreshwa, kwa hiyo usiunganishe mwaka wa ripoti ya zamani na mwaka wa ripoti mpya kwenye mchoro mmoja. Omba mfululizo wote kutoka toleo la karibuni.