Namna ya kujibu "mtatuletea mtoto lini?" wakati hata mwenyewe hujui

Usiseme "tunatafuta". Nililisema mimi, Idi ya mwaka wetu wa pili wa ndoa, kwa shangazi wa mume wangu, ili tu nimalize sahani yangu kwa amani. Wiki haikuisha, chupa ya dawa ya miti shamba ikashuka na basi la Lushoto: kikombe asubuhi, kikombe jioni, siku saba. Na mimi nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi! Niliimwagia mchicha. (Mchicha haukufa.)

"Mungu akijalia" ni afadhali. Si uongo, na hakuna wa kubishana nalo. Ila liseme ukiwa unainuka. Ukilisema umekaa, swali la pili linakukuta hapohapo.

Upande wa kwao mume ajibu mwenyewe. Wangu alikuwa akicheka tu, "muulizeni yeye", na kicheko kile kilinigharimu mwaka mzima wa simu. Tulikaa tukakubaliana aseme hivi: "Mama, kukiwa na habari utaisikia kwangu." Mama mkwe alinuna. Lakini sasa anampigia yeye.

Kwenye shughuli, wahi kisu. Mwenye mikono ya vitunguu hapewi mtoto. Ukichelewa, wifi atakuwekea wake mapajani, "shika, na wewe upate," na mkeka mzima utatazama unavyomshika. Basi mshike, usiharakishe kumrudisha. Wa mwisho kupewa alinilalia kifuani, shingo inanukia mafuta ya nazi na maziwa yaliyochacha, nikatamani pilau lisiive. Alipoamka akilia nikafurahi kuona mama yake anakuja. Yote mawili yalikuwa kweli ndani ya nusu saa, na hilo huwezi kulieleza mkekani.

Lieleze kwenye karatasi, nyumbani. Andika hesabu: likizo ya uzazi kisheria hapa Tanzania ni siku 84, mapacha 100, na baba siku 3. Tatu! Ukirudi kazini mtoto anabaki na nani, kwa mshahara upi? Lakini usiandike hofu peke yake, maana hofu zinajiandika zenyewe. Kwangu, chini ya hesabu zote, kuna mstari mmoja: kumfundisha mtu kuogelea Raskazone, ufukweni Tanga. Nimeufuta mara mbili nikaurudisha.

Wakati unafikiri, mwili usikuamulie. Vituo vya afya vya serikali wanatoa uzazi wa mpango bure. Kijiti kipo cha miaka mitatu na cha mitano, na kinatolewa siku yoyote ukibadili nia. Kadi ifiche vizuri, wageni wa Idi wanafungua makabati. Yangu iko kwenye khanga ya tatu kutoka chini. Muuguzi aliniuliza kama Oktoba nitarudi kukitoa au kuweka kingine. Nikamwomba aandike "kurudi" tu. Akanitazama kidogo, akaandika.